Mzee hana meno, ukoko kaumaliza!

Hebu simama kituo chochote cha daladala hapa Dar es Salaam, saa mbili usiku, uulize kiazi kazi yake nini. Jibu utalipata hujamaliza hata swali: chipsi. Chipsi kavu, chipsi mayai, chipsi kuku. Sisi watoto wa mjini tumemfungisha kiazi ndoa na mafuta ya kukaangia, na habari za talaka hatutaki kuzisikia. Wachache watakumbuka kile cha kwenye mchuzi, wengine watataja urojo wa Unguja, na wale waliolelewa na bibi watasema viazi vya kuchemsha na chai ya asubuhi. Basi, orodha imekwisha.

Wiki hii, mpenzi msomaji, nataka kutia fitina kidogo katika ndoa hiyo.

Kuna chakula kimoja ambacho wengi wenu mmeshakila bila kukijua jina. Viazi vimekatwa vyembamba, vimelazwa tabaka juu ya tabaka, vimelowa maziwa mazito na jibini, juu pameiva rangi ya dhahabu. Kwenye semina za hoteli kubwa wanakuwekea kijiko kimoja pembeni ya nyama, kama pambo vile. Watu wanakiita "vile viazi vya maziwa". Wafaransa wenye chakula chao wanakiita gratin, na ukitaka kulitamka vizuri hilo jina inabidi limalizikie puani kama una mafua.

Mimi mwenyewe nilikuwa nakila kwa heshima zote hotelini, nikifika nyumbani nakisahau. Kilichonifanya nikipike kwa mkono wangu ni baba yangu mzazi.

Mzee ni mkulima wa viazi Njombe. Nasema mkulima, si mtu mwenye kijibustani. Kule mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai watu wanatembea na makoti mchana kweupe. Viazi ndivyo vilivyonisomesha. Mwaka jana mwezi Juni mzee akashuka kuja kwangu, karibu kilomita 700 ndani ya basi, na begi moja, blanketi moja na kiroba cha viazi vya shambani kwake. Baba hajawahi kwenda kwa mtu mikono mitupu, hata mtu mwenyewe akiwa mwanawe.

Kilichomleta ni meno. Yale machache yaliyobaki yalikuwa yanamtesa miaka na miaka, daktari akasema yote yang'olewe. Yakang'olewa kwa awamu. Akaambiwa asubiri fizi zipone na kutulia ndipo apimwe meno ya bandia. Na kusubiri huko, jamani, si kwa siku mbili tatu. Ni wiki nyingi.

Sasa mjue na gheto langu: chumba na sebule, uwani, jiko la gesi la mtungi mdogo, sufuria tatu na kisu kimoja. Kapera nimezoea kula vya kununua. Ghafla nina mzee asiye na jino hata moja na wiki nyingi za kumlisha.

Wiki ya kwanza uji. Wiki ya pili uji na mtori. Wiki ya tatu supu ya kusaga, na uji. Ugali mlaini alikuwa anaumeza, ila bakuli la nyama analisogeza upande wangu bila kusema neno. Siku moja nikachemsha vile viazi vyake, nikaviponda na maziwa, nikamwekea kwenye bakuli na kijiko. Akavitazama weee.

"Mwanangu," akasema, "hiki ndicho mama yako alikuwa anakulisha ulipokuwa hujaota meno."

Akala vijiko vitatu, akashukuru, akaenda kulala saa moja na nusu jioni.

Mkanda wake ulikuwa umesharudi nyuma matundu mawili, lakini hilo halikuniogopesha kama lile jingine: mzee alianza kujificha. Wageni wakija anakaa dakika tano, chakula kikiletwa anasema ameshakula, anaingia ndani. Huyu ni mtu ambaye kwetu ndiye msemaji wa ukoo kwenye posa na kwenye matanga. Sasa ukimwamkia "shikamoo" anaziba mdomo kwa kiganja kwanza, ndipo anakuitikia "marahaba". We acha tu.

Na Jumapili iliyokuwa inakuja, baba mdogo alikuwa ametutumia salamu kwamba atafika na mkewe kula chakula cha mchana. Nikajua kabisa kitakachotokea. Mzee atajifungia chumbani kwa ndugu yake wa tumbo moja.

Hapo ndipo nilipovikumbuka vile viazi vya hotelini. Ulaini wake ni uleule wa viazi vya kuponda, fizi tupu zinaviweza. Lakini havikai kwenye bakuli la mtoto. Vinakaa kwenye sahani, vinasimama kama kipande cha keki, unavikata kwa kisu na uma kama mtu mzima. Tena ndani yake mna maziwa, malai na jibini, yaani mafuta na protini ambazo kwenye uji mtupu huzioni.

Nina rafiki yangu mpishi wa hoteli. Nikampigia simu. Akacheka kwanza, halafu akaniambia niache kabisa habari za unga wa sosi wa pakiti. "Kiazi chenyewe kina sosi yake ndani," akasema. Nikadhani ananitania. Hakuwa ananitania.

Sikilizeni siri yenyewe. Kiazi kimejaa wanga. Ukikikata, wanga huo unatoka na kushika kwenye kisu, ule weupe mnaouona. Muuza chipsi anauosha kwa maji mengi kwa sababu anataka vipande visigandane. Sisi tunautaka. Ukishamenya viazi, vioshe kabla ya kukata. Ukishakata, maji yasiviguse tena. Wanga ule ukipata joto ndani ya maziwa unavimba na kuyafanya yawe mazito yenyewe, bila unga wa ngano na bila pakiti ya mtu yeyote.

Haya, shika kalamu. Kwa watu sita: viazi kilo 1, maziwa nusu lita, malai robo lita, jibini gramu 150, punje 2 za kitunguu saumu, siagi kijiko kimoja, chumvi kijiko kimoja cha chai, pilipili manga kidogo, na ukipenda kungumanga ya kukwangua, kidogo sana, maana ikizidi chakula kinanuka duka la dawa.

Malai unaweza kununua, lakini unaweza pia kuyatoa mwenyewe kama una maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta. Yachemshe vizuri, maana maziwa mabichi yanabeba maradhi, kifua kikuu kikiwemo. Yaache yapoe, yaweke mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi utakuta utando mnene juu. Hayo ndiyo malai, yatoe kwa kijiko. Yakiwa hayatoshi robo lita, jazia maziwa. Chakula kitakuwa chepesi kidogo, lakini hakiharibiki.

Jibini nalo lina mambo yake. Mjini wanaliita "chizi", lakini mtaani chizi ni mtu aliyechanganyikiwa, kwa hiyo ukienda dukani taja unachotaka kwa heshima. Tafuta jibini la kipande, lile gumu kiasi linaloyeyuka kwenye moto. Njombe kwetu linatengenezwa, na madukani Dar unalikuta. Likwangue mwenyewe. Lile lililokwanguliwa tayari kwenye mfuko hupakwa unga ili lisigandane, na unga huohuo unalizuia kuyeyuka vizuri. Na usije ukachukua lile la nyumbani la kugandisha maziwa kwa limau. Ni tamu, lakini halifai kazi hii. Hata uliweke kwenye moto wa namna gani, halitayeyuka. Litakaa vilevile linakutazama.

Viazi navyo vichague. Chenye rangi ya kijani kiache. Kijani ni dalili kwamba kimekaa kwenye mwanga, na hapo kinajenga sumu yenye uchungu ambayo haiishi kwa kupikwa. Viazi viweke gizani, penye hewa. Kwenye friji usiviweke, maana baridi kali inageuza wanga kuwa sukari, na sisi tumeshasema wanga tunautaka.

Kazi yenyewe sasa. Kata viazi mviringo, unene wa milimita 3 hivi, kama sarafu mbili ulizozibebanisha. La muhimu ni vilingane. Kikiwa kimoja kinene na kingine chembamba, kimoja kitakuwa uji na kingine bado kinalia kama karoti. Tia maziwa, malai, chumvi, pilipili manga na saumu iliyopondwa kwenye sufuria pana, tumbukiza viazi, weka moto mdogo. Koroga taratibu kwa mwiko ili visishike chini. Yasitokote kwa fujo, maana maziwa yakichemshwa kwa hasira hukatika, yakawa mabonge na maji. Dakika 10 hivi zinatosha. Utaona maziwa yanashika mwiko. Viazi vinakuwa vimeanza kulegea, havijaiva.

Paka siagi kwenye chombo cha kuokea. Mimina nusu ya viazi, nyunyiza nusu ya jibini, malizia viazi na maziwa yake, lile jibini jingine liweke kando. Mwenye oveni aweke nyuzi 180, dakika 45 mpaka saa nzima. Zikibaki dakika 15, nyunyiza jibini lililobaki juu. Chomeka kisu katikati: kikiingia bila kubishiwa, viazi vimeiva.

"Na sisi wa magheto tusio na oveni?" Nakusikia. Swali hilo ndilo nililokuwa nalo mimi Jumapili asubuhi, nimesimama uani na sufuria mkononi.

Mama mwenye nyumba wangu ni mtu wa Unguja. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, ananitazama muda mrefu.

"Wewe kijana, wahangaika na nini tangu asubuhi?"

"Viazi vya kuoka, mama. Vinataka moto juu na chini, na mimi oveni sina."

"Mbatata hizo? Na maziwa?" Akainuka kuja kuchungulia. "Mwanangu, si upalie tu?"

Kupalia! Watu wa pwani mnaelewa. Wali wa nazi ukikaribia kukauka, unapunguza moto chini, unatia makaa juu ya kifuniko, wali unaiva pande zote mbili. Hata keki zinaokwa hivyohivyo. Mama akanitolea sufuria yake nzito yenye kifuniko bapa na jiko la mkaa. Chini tukaacha makaa machache yenye majivu, juu tukaweka kama mara mbili yake. Dakika 40, na kila baada ya muda sufuria tunaizungusha kidogo. Tulipofunua kuweka jibini la mwisho harufu ikatoka mpaka kwa wapangaji wa mbele. Tukafunika, tukaongeza makaa juu.

Tulipofunua tena, juu palikuwa pameiva, pana rangi ya kahawia na dhahabu, panatoa mapovu pembeni. Mama akagusa kwa ncha ya kijiko, kikalia "kwaru".

"Ah, mimi nadhani ni kitu cha Kizungu," akasema. "Kumbe ukoko!"

Nikabaki mdomo wazi, maana hakujua alichokisema. Lile neno gratin linatokana na neno la Kifaransa gratter, maana yake kukwangua. Kukwangua nini? Kile kilichoshika na kukauka chomboni. Ukoko! Chakula hiki kinatoka Dauphiné, jimbo la zamani la milimani kusini-mashariki mwa Ufaransa, nchi ya baridi, ng'ombe na viazi, kama Njombe tu. Kinatajwa kwenye karamu ya mji wa Gap tangu mwaka 1788. Na mpaka leo wenye kushika mila huko watakwambia cha kwao hakitiwi jibini, ni maziwa, malai na saumu basi, jibini ni mambo ya majirani zao wa Savoie. Wagombane wenyewe. Mimi nilikuwa na mzee wa kunenepesha, nikatia jibini.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kumbe tunagombea kitu kimoja. Mtoto wa Unguja anapigania ukoko chini ya sufuria ya wali, mtoto wa Kifaransa anaupigania juu ya viazi.

Jambo la mwisho ambalo rafiki yangu mpishi alilisisitiza ni subira. Ukishaepua, iache sufuria dakika 20 bila kuigusa. Maziwa yanaendelea kunywewa na viazi, yanashika, na ndipo kipande kinakatika na kusimama. Ukiwahi, unapata mchuzi. Kwangu dakika hizo zilikuwa na kazi nyingine pia: fizi zilizotoka kung'olewa meno hazitaki kitu cha moto mkali.

Baba mdogo na mkewe wakafika saa saba. Salamu, habari za safari, habari za nyumbani. Mzee akakaa dakika zake tano, akaanza kujiinua. Nikawa nimeshaweka sahani mbele yake. Sahani bapa, zile za wageni. Nyama ya kuchemsha nilikuwa nimeichambua nyuzi nyuzi laini kwenye mchuzi wake, na pembeni kipande cha viazi, pembe nne, kimesimama. Kisu kulia, uma kushoto. Wote tukawekewa kilekile.

Akakaa. Kwetu mzee haachi sahani iliyoshatengwa mbele ya wageni.

Akakata pembe. Ikakatika. Akatia mdomoni, akafunga midomo, taya zikacheza kidogo. Nilikuwa natazama sahani yangu kama mwanafunzi anayesubiri majibu ya mtihani.

"Hiki nini?" akauliza.

"Viazi, baba."

"Viazi gani?"

"Vyako. Vya kwenye kiroba."

Akageuza kipande kwa uma, akaangalia zile tabaka kama mtu anayehesabu noti. Akamgeukia mdogo wake.

"Unasikia? Miaka yote hii nauza lumbesa, gunia limejaa mpaka linavaa kilemba, mchuuzi ananipa anachotaka yeye. Kumbe namuuzia kitu ambacho mwenyewe sikijui."

Baba mdogo akasema cha kwake kuhusu wachuuzi, mzee akamjibu, mara wakaanza kukumbushana mwaka fulani baridi ilivyounguza shamba lote, na yule fundi wa kijijini aliyelewa akalala kwenye matuta akiamini yuko kitandani. Mzee akacheka. Akacheka mdomo wazi kabisa, fizi zote nje, mkono uko kwenye uma. Hakuna aliyesema kitu. Mama mdogo akamwongezea kipande.

"Hapo pembeni," mzee akamwelekeza, "palipoiva zaidi. Hapo penye ukoko."

Ukoko wa jibini, kwa taarifa yenu, unalia kwenye kijiko lakini ukishalowa maziwa unalegea. Ulimalizwa, sufuria ikakwanguliwa. Mama mwenye nyumba nilikuwa nimeshamtolea lake fungu mapema, kwa usalama.

Jioni wageni walipoondoka nikawa naosha vyombo. Mzee akaja akasimama mlangoni. Kwetu mwanamume jikoni anaingia kuomba kaa la kuwashia sigara, si zaidi. Akanitazama nakwangua sufuria.

"Jumapili ijayo," akasema, "nitamenya mimi."

Na alimenya kweli. Akamenya kila Jumapili mpaka siku aliyopimwa meno yake mapya, kwa kisu kile kimoja, ganda jembamba unaweza kusomea gazeti.

Sasa wewe msomaji wangu utasema mzee wako ana meno yote thelathini na mbili, viazi hivi vya nini? Mpikie tu. Mpikie mama aliyetoka hospitali, shangazi ambaye chakula hakimwingii, mpikie hata yule mchumba unayemwahidi hoteli kila mwisho wa mwezi. Chipsi mayai atakula na wewe, lakini ataikumbuka sahani uliyoisimamia wewe mwenyewe kwenye makaa. Kama tumbo lako haliafikiani na maziwa, na watu wazima wa hivyo ni wengi, chukua kipande kidogo tu, na kama una presha punguza chumvi, maana jibini lina ya kwake. Kikibaki, kifunike ukiweke kwenye friji, kesho yake kipashe polepole kwa moto mdogo. Wapo wanaoapa kwamba cha siku ya pili ndicho kitamu zaidi.

Kwangu sijaweza kuthibitisha. Hakijawahi kubaki.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Na wewe uliyeanza kuviosha viazi baada ya kukata, nakuona. Vitoe kwenye maji hayo!